Ukuta Usio na Meno

Kipengele cha kumi na tatu kilipita kabla chai ya wajumbe haijapoa.

Ilikuwa kawaida ya baraza la mji ule mdogo kupitisha mambo madogo kwa mkupuo, kama mgonjwa anayemeza vidonge vyote pamoja asisikie uchungu wa kimoja kimoja. Karani alisimama akasoma: kununua mafagio kumi na mawili, kupaka rangi mlango wa ofisi ya maji, kumpa likizo mlinzi wa machinjio, kuziba lango dogo la nyuma ya soko. Alisoma kwa sauti ya mtu anayehesabu kuku wa jirani, ambaye mmoja akipungua hapati hasara.

"Lango dogo lina nini?" aliuliza mzee mwenye duka la vifaa. Hakutaka hasa kujua, ila tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, na posho ya kikao ilikuwa karibu kusainiwa.

"Mbuzi, mheshimiwa. Wanaingilia pale, wanakatiza sokoni, wanatokea mbele ya ofisi kula maua."

"Maua yangu hayo," alisema mwenyekiti. "Nayamwagilia kwa mkono wangu huu."

Wakacheka. Mwenyekiti alipenda watu wacheke, mradi awe amechekesha yeye.

"Basi lizibwe. Wanaoafiki?"

Mikono ikanyanyuka, mingine bado imeshika vikombe. Kati ya wajumbe kumi na mmoja waliokaa pale, watatu walivaa suruali zilizopunguzwa upindo na mwanamke aliyekuwa akikaa kwenye lango hilohilo na cherehani yake. Ya mmoja wao ilipunguzwa juzi tu. Hakuna aliyemkumbuka. Mtu akikushonea vizuri, unakumbuka suruali.

"Limepita," alisema mwenyekiti. "Cha kumi na nne."

*

Kwa Fundi habari ilifika ikiwa njema.

Fundi alikuwa mwashi, kibarua wa baraza, mtu wa kuitwa kukiwa na kazi na kusahauliwa ikiisha. Alikuwa amekaa wiki tatu bila kushika mwiko. Jioni ile msimamizi wa kazi alimkuta mlangoni kwake akampa karatasi yenye muhuri. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akautazama muhuri kwanza, maana maandishi yalimchosha.

"Sokoni," msimamizi alisema. "Siku tatu. Saruji utapewa stoo. Usichelewe."

Mkewe alikuwa ndani akitia mafuta cherehani. Watu wote walimwita Mama Cherehani, hata mumewe alipokuwa na furaha. Ilikuwa cherehani ya mkono, ya chuma tupu, nzito kama kosa la ujana, na aliibeba kichwani kila asubuhi kutoka mlango wa nyuma wa nyumba yao hadi lango dogo la soko. Hatua thelathini na moja. Aliwahi kuzihesabu baada ya muuguzi wa zahanati kumwambia kuwa moyo wake umechoka na asibebe vizito. "Hatua thelathini na moja si safari," alimwambia muuguzi, na muuguzi akakubali kwa shingo upande.

"Umepata?" aliuliza.

"Siku tatu. Sokoni."

"Sokoni wapi?"

"Sijui, ukuta tu. Watanionyesha."

"Afadhali. Basi kesho mchana utakula kwangu, sio kuzurura na njaa kama hujaoa."

Binti yao, aliyefundisha watoto wa chekechea na ndiye pekee nyumbani mwao aliyesoma vitu kwa kupenda, alikuwa uani akianua nguo. Angekuwa karibu, angeisoma ile karatasi. Hakuwa karibu. Fundi aliikunja akaitia mfuko wa shati, na wote watatu wakalala na furaha ya siku tatu.

*

Asubuhi msimamizi alimwonyesha. Akanyoosha kidole tu, kama mtu anayeonyesha kiti cha kukalia.

"Hapa?" Fundi aliuliza.

"Hapo. Toka nguzo hii mpaka ile. Juu ulingane na ukuta wa zamani."

"Hapa anakaa mke wangu."

Msimamizi akamtazama, akatazama saa. "Mimi sikupanga, Fundi. Mimi ni mtu wa kunyoosha kidole. Kama huwezi, sema, niko na wengine wawili nyuma ya gari."

Kweli walikuwapo, wamekaa na ndoo zao, wanamtazama kwa njaa.

Sasa hapa ndipo watu wanapogawanyika wakisimuliwa kisa hiki. Kuna wanaosema mwanamume angetupa mwiko chini na kwenda zake. Hao wengi wao wana mshahara. Fundi alisimama muda wa kama kuvuta sigara moja, kisha akafunga uzi kutoka nguzo hadi nguzo.

Ila alifanya jambo moja, na hakumwambia mtu. Mwashi anapotaka ukuta mpya ushikane na wa zamani, huuchimba ule wa zamani meno, yaani hutoa tofali moja, huacha moja, ili la leo liingie katika la jana kama vidole vya mikono miwili. Fundi hakuchimba meno. Alipanga matofali yakagusana tu na nguzo, kama watu waliogombana wakilazimishwa kupiga picha pamoja. Na saruji aliyopewa akaitia kidogo mno, karai moja kwa makarai kumi na manne ya mchanga. Juu angepiga plasta, nani angejua. Aliwaza: watajirudi hawa. Wiki mbili, tatu, watu watalalamika, watasema bomoa, nami nitabomoa kwa bega. Mfuko mzima wa saruji ulibaki, akaurudisha ofisini kwa uaminifu wake. Karani aliandika kwamba umetumika, na tangu hapo aliyejua ulikokwenda ni karani na nyumba yake.

Saa mbili Mama Cherehani alitoka na mzigo kichwani, kigoda mkononi. Alikuta kozi tatu, safu tatu za matofali, zimeshapangwa. Alisimama upande wa nyumba, mumewe yuko upande wa soko, matofali katikati yanafika magotini.

"Kumbe kazi yenyewe ni hii," alisema.

"Sikujua, mama. Nimejulia hapahapa."

"Na ulipojua?"

Fundi alikwangua mwiko kwenye ukingo wa karai. "Ningekataa wangempa mwingine. Ukuta ungesimama vilevile."

Muuza nyanya wa pembeni, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, akadakia. "Fundi, unamjengea mke mwenza au? Mbona unampigia mpaka?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichokuja kumuuma baadaye kuliko maneno yote.

Mkewe hakucheka. Aliyatazama matofali, akainamisha kichwa kidogo, mzigo ukiwa juu haujatikisika.

"Kozi ya tatu imepinda."

Fundi akaweka pimamaji. Ilikuwa imepinda.

"Kama ni kutufungia," alisema, "tufungie kwa mstari ulionyooka." Akainua mguu mmoja, akavuka, akainua wa pili, akavuka. Alikaa mahali pake siku nzima akishona, na jioni alipotaka kurudi nyumbani ukuta ulikuwa umefika kifuani. Mumewe alimpokea cherehani juu ya matofali kutoka upande wa nyumba, na yeye mwenyewe akazunguka.

*

Kuzunguka kulikuwa hivi: unatoka uani, unashika barabara kubwa, unapanda mwinuko wa tangi la maji, unashuka upande wa pili, unaingia soko kwa lango la mbele. Nusu saa, kwa mtu mwenye mikono mitupu.

Alijaribu wiki moja kushonea nyumbani. Waliomjia walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia. Wateja wake walikuwa watu wa soko, mtu aliyechanika mfuko akibeba gunia, mama aliyekatika zipu akiinama kupima maharage. Mtu wa namna hiyo hafuati fundi. Humkuta.

Basi akaanza kuzunguka. Kuiacha cherehani stoo ya soko usiku haikuwezekana, kwa kuwa stoo ilikuwa ya wenye meza zenye namba, na namba hutolewa na baraza, na baraza lilisema namba zimekwisha. Siku ambazo Fundi hakuwa na kazi alimbebea. Siku ambazo alikuwa na kazi, ilimpasa awe kwenye foleni ya vibarua kabla jua halijatoka, na binti naye awahi watoto wake. Ndani ya lango la mbele pote palijaa. Alipata upenyo nyuma ya wauza mkaa, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kufa. Mwalimu mmoja alimletea shati jeupe abadilishe kola. Alirudishiwa likiwa na alama ya kidole cheusi kifuani.

"Mama, mimi hili nitalivaa wapi?" aliuliza mwalimu, kwa upole, na upole ndio ulioumiza.

"Nitalifua, mwalimu."

"Hapana, acha tu. Acha."

Hakurudi tena. Wengine hawakusema hata hilo acha.

Na mbuzi? Mbuzi walikwenda kupitia lango la mbele kama watu wote. Maua yaliliwa mwezi uleule.

*

Barua aliiandika binti.

Aliiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa, unaosomeka na asiyejua kusoma. Akaipeleka ofisini akiwa na mama yake. Karani hakuishika. Aliitazama ikiwa mkononi mwa binti, kama mtu anavyotazama samaki asiyemwamini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua ya mkono haipokelewi. Ipigwe chapa."

Ikapigwa chapa. Wakarudi.

"Haina kichwa cha habari."

"Kichwa hiki hapa, mzee. Maombi ya kufunguliwa lango."

"Hicho ni kichwa cha mama yako. Kichwa cha baraza ni, Yahusu kipengele fulani cha kikao fulani. Mnaandikia baraza au mnaandikia shangazi?"

Wakarudi mara ya tatu, kichwa kikiwa kimenyooshwa. Karani akageuza karatasi nyuma na mbele. "Muhuri wa mjumbe wa mtaa uko wapi?"

Mjumbe wa mtaa wao watu walimwita Nitalifikisha, kwa sababu hilo ndilo neno alilojibu kwa kila jambo, hata ukimsalimu. Alipokuwa kijana alibeba ndoo pamoja na Fundi kwenye ujenzi wa ofisi ya baraza, kabla hajagundua kuwa kukaa ndani ya ofisi kunalipa kuliko kuijenga. Muhuri wake ulikaa kwenye koti, na koti lilikuwa safarini naye. Walimngoja siku tisa. Aligonga muhuri akiwa amesimama, karatasi ameilaza juu ya mgongo wa cherehani.

"Mama, hili nitalifikisha."

"Najua, baba. Ndilo jina lako."

Karani aliipokea, mwishowe. "Itaingia kwenye Mengineyo."

"Mengineyo ndiyo lini?" Mama Cherehani aliuliza.

"Ndiyo mwisho wa kikao."

*

Baraza lilikaa kila baada ya miezi mitatu. Siku ya kikao walikwenda wote, mume, mke na binti, wamevaa nguo zao za heshima. Waliwekwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Mtu wa nje haruhusiwi kusema, lakini dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo kusikia hakukukatazwa. Binti alisema kioo chenyewe kilishapitishwa na vikao viwili, bado kinasubiri wa kukinunua.

Wakasikiliza. Mafagio mengine. Ukarabati wa kiti cha mwenyekiti. Jina jipya la barabara isiyokuwa na nyumba. Mambo yalikuwa yakipita, limepita, limepita, kama magunia yanayorushwa kutoka mkono hadi mkono. Mama Cherehani alikaa amenyooka, mikono mapajani, miguu imevimba ndani ya viatu vyake vizuri.

"Sasa wako cha kumi na tisa," binti alinong'ona. "Bado kimoja. Kisha sisi."

Ndani, mwenyekiti alikohoa. "Mengineyo?"

Nitalifikisha alionekana kupitia dirishani akijipapasa mfuko wa koti.

"Mheshimiwa," alisema mtu, "chakula kimeshafika, na kikipoa..."

"Kweli. Mengineyo yasubiri kikao kijacho. Wanaoafiki?"

Wakatoka wakijinyoosha viungo. Karani alipita mbele ya benchi akasema, "Samahani mama, miguu," akimaanisha aikunje apate kupita. Nitalifikisha alitoka wa mwisho.

"Mama, nilikuwa ndiyo naelekea kulisema."

"Uliinua mkono?"

"Nilikuwa najiandaa."

"Mkono wako mzito, mheshimiwa. Mzito kuliko cherehani yangu."

Fundi alimvuta mkewe kiwiko taratibu. Hakutaka maneno. Wiki iliyokuwa ikija kulikuwa na kazi ya paa la ofisi ya maji, na majina ya vibarua hupita kwa huyohuyo Nitalifikisha.

*

Kuna jioni moja, jua halijazama, walikaa uani wawili tu wakiutazama ukuta. Ulikuwa mbele yao pale, umepigwa plasta, umenyooka. Chini yake, kwenye kona, palikuwa na kichuguu kidogo cha mchanga mkavu uliokuwa ukimwagika wenyewe kila upepo ukivuma.

"Ulitia saruji kiasi gani?" mkewe aliuliza.

Fundi akaanza kujikwangua saruji kavu kwenye kucha.

"Nimeishi na wewe miaka ishirini na mbili, nimefua mchanga kwenye mashati yako. Nisijue kazi yako?"

"Moja kwa kumi na nne."

"Na meno?"

"Sikuchimba."

Alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, kikakatishwa na pumzi. Aliweka mkono kifuani, akangoja itulie.

"Kwa hiyo ule si ukuta. Ile ni pazia."

"Nilidhani watajirudi mapema."

"Basi sukuma."

Fundi aliangalia huku na huku, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Mama, ule ni ukuta wa baraza. Nikiusukuma, kesho nani ataniita kazi? Watasema nimeharibu mali ya umma. Na barua iko njiani, kikao kijacho ni mwezi na nusu tu."

"Wewe ndiye umeujenga."

"Nimeujenga, lakini si wangu."

Mkewe aliutazama ukuta muda mrefu. Angeweza kusema mengi, na mumewe alikuwa ameshajiinamia akiyangoja. Angegombezwa siku ile huenda angeinuka.

"Haya," alisema.

Hakuuliza tena. Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kuchoka, na mwanamume aliyelelewa vizuri huzitofautisha. Fundi alichukua ya kwanza, kwa kuwa ilimfaa.

*

Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya kikao. Alikuwa anapanda mteremko wa tangi la maji, asubuhi, cherehani kichwani. Waliomwona wanasema alisimama, akaishusha mwenyewe chini polepole, kama anayelaza mtoto, kisha akakaa kando yake. Muuza mkaa mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni alimkimbilia.

"Mama, vipi?"

"Imevunjika?"

"Nini?"

"Cherehani."

"Haijavunjika, mama. Nzima."

Akatikisa kichwa kuwa amesikia. Walimpeleka zahanati juu ya mkokoteni ule wa mkaa, na muuguzi yuleyule alipompima aliuliza alikuwa anabeba nini. Alipoambiwa, akauliza hatua ngapi siku hizi. Fundi aliitwa kutoka juu ya paa la ofisi ya maji, akafika na mikono ya saruji, akakaa nayo hivyohivyo siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, moyo wa mkewe ukaacha.

Muuguzi alisema moyo ulikuwa mbovu tangu zamani, ungeweza kusimama hata akiwa amekaa. Huenda. Wenye kusoma husema huenda. Lakini mtu aliyembebesha punda mzigo akamzungusha mlima karibu miezi sita hana haki ya kusema punda alikuwa mgonjwa.

Kikao kilikaa kama kilivyopangwa. Karani alisoma kwa mkupuo: kununua taa mbili, rambirambi kwa familia ya kibarua wetu, kuhamisha sanduku la barua. Mikono ikanyanyuka. Limepita. Na siku hiyo, kwa bahati, muda ulibaki, Mengineyo yakafikiwa. Karani akachukua barua ya binti, ile yenye kichwa kilichonyooshwa na muhuri uliongojwa siku tisa.

"Hii mwombaji amefariki," alisema. "Napendekeza jambo lifungwe."

Nitalifikisha aliitazama meza.

"Limefungwa," alisema mwenyekiti.

*

Miezi mitatu tena ikapita. Baraza lilikuwa limenunua mkokoteni mpya wa taka, mpana, na mkokoteni haukuweza kupenya lango la mbele wakati wa soko. Mjumbe mmoja akakumbuka kwamba zamani nyuma palikuwa na njia. Kipengele cha saba. Kilipita pamoja na kufuliwa kwa mapazia.

Msimamizi alimjia Fundi na karatasi yenye muhuri. Safari hii Fundi alimpa binti yake aisome. Binti aliisoma mara moja kwa sauti, mara ya pili kimya, akamrudishia.

"Siku mbili, wameandika," msimamizi alisema. "Kubomoa na kuzoa kifusi."

Alikwenda asubuhi na nyundo kubwa. Karani alikuwapo na daftari lake, maana mkokoteni ulikuwa mpya na mwenyekiti alitaka habari kamili. Watu wa soko wakasogea. Muuza nyanya alikuwapo, mdomo ameufunga.

Fundi aliinua nyundo, kisha akaishusha, akaiegemeza kwenye nguzo. Akaweka bega. Hakuvuta pumzi, hakupiga ukelele. Alisukuma kama mtu anavyosukuma mlango alioambiwa umefungwa. Ukuta ulisogea kidogo juu, ukasita, kisha wote ukalala upande wa pili kwa mlio mzito, na vumbi la mchanga mtupu likawapanda watu hadi viunoni. Nguzo mbili za zamani zilibaki zimesimama, pembeni zimenyooka kama zilivyokuwa siku zote, hazina hata kovu.

Vumbi lilipotulia, binti yake alikuwa amesimama upande wa nyumba. Alisogea hadi kwenye nguzo, akaipitishia kiganja juu hadi chini.

"Baba, huku hapakuchimbwa."

"Hapakuchimbwa."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Mama alijua?"

Fundi alitaka kusema jambo kuhusu baraza, kuhusu karani na mfuko wa saruji, kuhusu Nitalifikisha na mkono wake. Yote yalikuwa kweli na yote alikuwa nayo mdomoni tayari, ameyazoea. Safari hii hayakutoka.

"Alijua. Aliniambia nisukume."

Binti aliinama akaanza kuokota matofali yaliyobaki mazima, anayapanga kando moja moja, kama mama yake alivyokuwa akipanga vifungo kwa ukubwa.

Kifusi kilizolewa na watu wa soko wenyewe, ndoo kwa ndoo, bila kuombwa. Karani alikuja na kalamu.

"Sasa Fundi, hapa pana tatizo. Baraza limeidhinisha siku mbili, na wewe umefanya kama nusu saa tu. Mimi naandika nini?"

Fundi alikuwa amegeuka anatazama mlango wake wa nyuma, hatua thelathini na moja, wazi kabisa, na ndani yake, juu ya meza, cherehani imefunikwa kitambaa.

"Si umeona mwenyewe, mkubwa," alisema. "Andika nusu saa."